Namna ya Kumtembelea Ndege Asiyekungoja

Kabla hujafunga begi, jifunze kufunga mdomo. Hilo ndilo sharti la kwanza la kwenda Mida, na anayelishindwa asijisumbue na mengine.

Hori la Mida ni mkono wa bahari uliojipenyeza nchi kavu karibu na Watamu, katika kaunti ya Kilifi, kaskazini mwa Mombasa. Mlango wake ni mwembamba. Ndani limetanuka likawa matope, mchanga na mikoko, na maji huingia na kutoka mara mbili kwa siku. Limo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotangazwa mwaka 1968. Kila mwaka maelfu ya ndege wa pwani hutua hapo wakitoka Siberia, Asia ya Kati na visiwa vya Ghuba ya Uajemi. Hawakukualika. Hawajui kwamba umelipa kiingilio. Wamekuja kula, na muda wao wa kula hupangwa na maji.

Mwongozo huu ni wa anayetaka kuwaona bila kuwavurugia mlo. Utakuwa mkali hapa na pale, kwa sababu zipo tabia za wageni ambazo maneno matamu hayaziponyi, na kwa sababu ndege hawa nawapenda.

Saa yako haina kazi huku

Mgeni wa kawaida hupanga siku yake hivi: aamke bila haraka, ale mahamri kwa mbaazi, apige picha ufukweni, kisha ndipo aende kwa ndege jua likishachangamka. Akifika Mida saa nne asubuhi, siku ya mwezi mpevu, anakuta bahari imehama. Mbele yake ni tope tupu mpaka mbali, na ndege ni vidoa tu kule maji yalikokimbilia. Anarudi hotelini akitangaza kwamba Mida hakuna kitu. Kitu kipo. Yeye ndiye hakuuliza maji.

Basi uliza maji. Ukimkuta mvuvi anashona wavu, mwamkie kwanza: "Shikamoo mzee. Leo maji yanajaa saa ngapi?" Atakuuliza mwezi ni wa siku ngapi, au atajijibu mwenyewe, kisha atakutajia saa. Mwamini. Hesabu yenyewe si ngumu, na ukiijua hutampotezea mtu muda. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni siku za bamvua: maji hupwa sana na hujaa sana, na katika pwani hii tofauti baina ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa katikati ya asubuhi, kama saa nne, na hujaa jioni, kama saa kumi. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Baada ya wiki moja hivi huja maji mafu, yasiyopanda sana wala kushuka sana, na wakati huo kujaa huangukia asubuhi. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo kuliko pwani ya wazi, kwa kuwa yote hupita kwenye mlango mmoja mwembamba.

Siri ya Mida ni hii, na ukisahau mengine yote ulibebe hili moja: usiwafuate ndege, yaache maji yawalete. Wakati wa kupwa, ndege hutawanyika katika eneo lote la matope kutafuta vijidudu, minyoo, kome na kaa. Maji yanapoanza kupanda, meza yao hupungua ukubwa. Husogea hatua kwa hatua mbele ya maji, wakibanana, mpaka wanakuwa karibu na mikoko, na karibu na macho yako kama ulitangulia kukaa. Kwa hiyo siku ya bamvua, uwe umeketi kufikia saa nane mchana. Anayefika saa kumi kasoro robo, akitoa visingizio vya foleni, hukuta maji yamefika kwenye mizizi na ndege wamekwenda kupumzika kwenye fungu la mchanga ng'ambo. Hakuna wa kumlaumu.

Nao hawafanyi kazi mchana tu. Wengi hula usiku pia, kwa sababu tope la usiku likifunuka ni tope lilelile. Mgeni anayedhani kwamba, kwa kuwa wanakula usiku, hawana haja ya kula kwa utulivu mchana, hajafikiri.

Mwezi wa kwenda

Vitwitwi, yaani ndege hawa wa pwani, huanza kuingia Agosti, kusi ikiwa bado inavuma, huongezeka Septemba na Oktoba, na toka Novemba hadi Machi hori huwa limejaa. Aprili huondoka. Wakati huo kusi inaanza tena kushika, nayo husukuma kuelekea kaskazini, kwa hiyo ndege huipata mgongoni. Manahodha wa Oman na wa Ghuba waliifanya safari hiyohiyo karne nyingi: walikuja na kaskazi wakiwa na tende na samaki wakavu, wakapakia boriti za mikoko, wakarudi na kusi. Magofu ya Gede, mwendo mfupi kutoka Mida, ni ya mji uliokula matunda ya pepo hizo hadi ulipohamwa katika karne ya 17. Ndege ndio waliobaki wakiitumia ratiba hiyo bila injini.

Mimi ningechagua mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili. Joto ni kali, hilo sikufichi. Lakini ndege waliokaa miezi mingi na manyoya ya kijivu huanza kuvaa rangi za harusi wakiwa bado hapa, na wamenenepa kwa ajili ya safari. Wiki hizo hori huwa na hekaheka ambayo Januari haina.

Ukija Juni, usinung'unike kuwa ndege ni wachache. Utawakuta wadogo wa mwaka uliopita, ambao hawajafikia umri wa kuzaa, na hivyo hawana la kuwapeleka kaskazini. Wamebaki kula. Ni vijana wenye akili.

Safari na mavazi

Panda matatu ya Mombasa kwenda Malindi. Ukishapita Kilifi na Matsangoni, usisinzie. Mwambie utingo akushushe Mida. Ukiona umefika Gede, umepita, shuka urudi. Kutoka barabarani bodaboda watakupeleka hadi kwenye daraja la mbao, au utembee, njia ni fupi. Upande wa pili wa barabara hiyohiyo ni msitu wa Arabuko-Sokoke, nao una ndege wake na mambo yake, na unastahili siku yake peke yake. Usijaribu kuviweka vyote katika alasiri moja ukaishia kutoona chochote.

Vaa rangi zisizojipigia debe: udongo, kijani kilichochujuka, kijivu. Kanga yako nyekundu ni nzuri mno, na jioni Watamu itasifiwa. Kwenye kibanda cha kutazamia ndege itaonekana na kila jicho lililopo topeni. Vaa viatu usivyovionea uchungu. Chukua kofia na maji ya kunywa, na chupa urudi nayo. Spika ya muziki iache nyumbani. Simu iwekwe kimya, na kimya maana yake pia isitetemeke juu ya ubao, kwa sababu ubao huvumisha.

Watoto waje. Ni uongo kwamba watoto hawawezi kutulia; huwa hawana kazi tu. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu ni mara ngapi ndege mmoja anachoma mdomo topeni kabla hajapata kitu, na utashangaa ni nani kati yenu atakayeomba kuondoka mapema.

Darajani

Daraja la Mida ni la mbao na kamba, limening'inizwa juu ya mikoko kwa zaidi ya mita 200, na mwisho wake kuna kibanda cha kutazamia. Linayumba. Hivyo ndivyo lilivyo na halikusudii kukudhuru, kwa hiyo huna haja ya kumwita mama yako kila hatua. Nenda polepole, mtu mmoja mmoja kwa nafasi, na wale vijana wanaolirukia katikati ili wenzao wapige mayowe wajue kwamba wamekwisha kumaliza ziara ya wote waliomo kibandani.

Ukipita tazama chini, maana nusu ya maelezo ya ndege iko huko. Mkoko umesimama juu ya mizizi iliyojipinda. Mchu umetoa mizizi ya kupumulia, imechomoza topeni kwa mamia kuelekea juu, kwa sababu tope halina hewa. Mkandaa na muia nao wamo. Majani ya miti hii huanguka, kaa huyaburura mashimoni na kuyala, yanayosalia huoza, na uozo huo hulisha viumbe vidogo visivyohesabika ambavyo ndivyo chakula cha ndege. Utawaona kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa kupita kiasi, analipunga juu na chini mbele ya shimo lake. Anamwita jike na kuwatisha madume wenzake kwa ishara ileile. Hakusalimu wewe, lakini simama umtazame. Ukataji wa mikoko kwa ajili ya nguzo, hata wa miti michache pembezoni, huwapunguzia kaa majani, na ndege anayewala, aliyetoka maelfu ya kilomita, hukuta sahani tupu.

Kaa kitako

Kibandani, keti. Usitoe mkono dirishani kuonyesha. Sema kwa sauti ya chini, "kushoto ya kile kigogo". Usisimame ghafla. Nusu saa ya kwanza unaweza usione la maana, na hapo ndipo wageni wengi hushindwa. Huanza kujadili chakula cha jioni, siasa, bei ya viwanja Watamu. Vumilia. Maji yanafanya kazi yao wakati wewe unakaa.

Darubini si anasa. Kama huna, vijana waongozaji wa pale wana darubini, na baadhi wana ile kubwa ya miguu mitatu. Mchukue mwongozaji. Amezaliwa karibu na hori hili na anawajua ndege kwa namna wanavyotembea, kabla hajaona rangi. Ukitaka picha, weka kamera ya simu kwenye tundu la darubini kubwa, tulia, bonyeza. Itatoka vizuri kuliko kujaribu kumsogelea ndege mwenye mabawa kwa miguu yako miwili.

Sasa, kutambua. Mtu akitazama kundi la vitwitwi kwa mara ya kwanza husema wote ni kijivu, wote wanafanana. Hajatazama midomo. Anza na mdomo. Wenye mdomo mfupi hutazama juu ya tope, hukimbia, husimama, hudonoa wanachokiona kwa macho. Wenye mdomo wa wastani huchovya mara nyingi kwa haraka, wakipapasa kilichofichika karibu. Wenye mdomo mrefu hufika chini zaidi, kwa minyoo na kaa waliojizika. Hivyo makundi kadhaa hula sehemu moja pasipo kunyang'anyana sana, kila mmoja na kina chake. Ukishaelewa hivyo, kundi la kijivu linaanza kugawanyika lenyewe mbele ya macho yako, na huko kugawanyika ni furaha ambayo sijui namna ya kumweleza mtu ambaye hajaipata.

Anza na ndege watatu, si thelathini. Sululu ni rahisi: mkubwa, wa kahawia yenye michirizi, mdomo mrefu uliopinda kwenda chini, na akiruka hupiga mluzi mfululizo, mara nyingi mara saba, sauti inayovuka hori zima. Yeye na kaa ni maadui wa siku nyingi. Wa pili ni kitwitwi mdogo kabisa, ambaye wataalamu humwita Calidris minuta, anayekimbia huku na huku kana kwamba ameibiwa. Ana uzito wa gramu 25 hivi. Huyu hutaga mayai yake karibu na bahari ya Aktiki, kisha huja kula Kilifi.

Wa tatu ndiye aliyenileta mimi Mida, na ndiye nitakayemkalia.

Mla kaa

Kitwitwi mla kaa, Dromas ardeola, ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya rangi ya majivu yenye ubuluu, na mdomo mweusi mnene usiolingana kabisa na umbo lake la kupendeza. Mdomo huo ni wa kuvunjia. Humnyatia kaa, husimama, hukimbia hatua chache, humdaka, humtikisa mpaka magando yatoke, na kummeza. Kaa mdogo humeza mzima. Hutembea kwa makundi, na kundi likiruka, nyeupe na nyeusi za mabawa hupokezana juani mpaka watu waliokuwa wakijadili bei ya viwanja hunyamaza.

Katika jamii yake ya ndege yuko peke yake: ukoo mzima wa Dromadidae una aina moja tu, yeye. Na huzaa kwa namna isiyo ya vitwitwi wengine. Huchimba shimo refu mchangani katika visiwa na fukwe za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na pwani ya Somalia, hukaa majirani kwa mamia, na jike hutaga yai moja tu, jeupe. Vitwitwi wengine hutaga mayai yenye madoa, ili yafanane na mchanga. Hili lina haki ya kuwa jeupe kwa kuwa limo gizani. Jua hupasha mchanga, mchanga hulipasha yai, na wazazi hupata nafasi ya kutoka kwenda kula. Huzaa katika miezi ya joto, kuanzia Aprili, wakati ambapo mwanadamu wa Ghuba yuko ndani na feni.

Kisha huja kwetu, na mtoto wake akifuatana naye. Hapa ndipo nakuomba utazame sana. Ukimwona mla kaa mkubwa anayefuatwa na mwingine mwenye rangi iliyofifia, mwenye kijivu mgongoni, anayeinamisha shingo na kulia, huyo ni mwanawe. Amesafiri naye kutoka huko mbali, ana ukubwa unaokaribia wa mzazi, anaruka vizuri, na bado anaomba alishwe. Mzazi wakati mwingine humpa kaa, wakati mwingine humwacha alie. Kazi ya kumvunja kaa kwa mdomo ni ufundi, na inachukua miezi kujifunza. Wageni hucheka wakiona hivyo, na mimi nacheka nao, kwa kuwa kila nyumba inamjua kijana huyo.

Msomaji wa Tanzania asidhani amebaguliwa. Mla kaa hukaa pia katika tope la Rufiji, Mafia na Kilwa, eneo lililotambuliwa mwaka 2004 chini ya mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, na watu wa Dar es Salaam wana vitwitwi wao wanaokula kando ya Daraja la Selander huku magari yakipita. Wa Uganda wana ghuba ya Lutembe, kati ya Kampala na Entebbe. Masharti ya mwongozo huu ni yaleyale, isipokuwa Lutembe hakuna bamvua.

Wale wa Siberia

Kuna kitwitwi mwingine, Calidris ferruginea, mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea ncha. Miezi mingi ni wa kijivu, na mgeni humpita. Lakini Aprili akianza kuvaa wekundu wa matofali kifuani, muulize mwongozaji akuonyeshe. Huyu huzaa katika nyika za barafu za kaskazini kabisa mwa Siberia, ambako kiangazi ni wiki chache tu.

Huko kuna panya wadogo wa baridi ambao idadi yao hupanda na kushuka kwa miaka. Mwaka panya wakiwa wengi, mbweha wa Aktiki hula panya na kumwacha kifaranga wa kitwitwi. Mwaka panya wakiadimika, mbweha hugeukia vifaranga, na Oktoba ya mwaka huo wadogo hufika Afrika wakiwa wachache. Kwa hiyo anayehesabu vitwitwi wadogo Mida, Kilifi, anasoma habari za panya wa Siberia. Naliona jambo hili kuwa la ajabu kuliko picha yoyote ya simba.

Na wadogo hao hawaletwi na mtu. Dume huondoka kwanza, mapema Julai. Jike humfuata baadaye. Watoto hubaki wakikua, kisha huondoka peke yao Agosti na Septemba, bila mzazi wa kuwaonyesha njia, wakafika kwenye tope ambalo hawajawahi kuliona. Mla kaa anamlisha mwanawe mpaka Kenya. Huyu anamwacha Siberia. Wote wawili wamefanikiwa, na utawakuta wakila mita chache mmoja kutoka kwa mwingine.

Mambo yanayofukuza ndege

Kila ndege anaporushwa, anapoteza vitu viwili: mafuta aliyoyachoma akiruka, na muda wa kula ambao maji hayatamrudishia. Machi na Aprili hasara hiyo ni kubwa zaidi. Kabla ya kuondoka, vitwitwi hujaza mafuta mwilini, baadhi yao wakiongezeka karibu nusu ya uzito wao au zaidi, na mafuta hayo ndiyo yatakayowavusha jangwa na bahari. Anayetawanya kundi zima ili apate picha ya mabawa hewani amechukua kitu kutoka kwa kila ndege aliyeruka, na hana namna ya kukirudisha. Picha za kuruka zitakuja zenyewe. Kipanga akipita, wote huinuka bila msaada wako.

Droni isije. Kwa ndege ni kipanga asiyechoka. Mbwa asije, hata aliyefunzwa. Usishuke topeni kuwakaribia. Licha ya kuwafukuza, utazama mpaka magotini na viatu vitabaki huko, na watu wa Mida wana kazi nyingine kuliko kukuvuta. Usipige makofi. Usiwatupie mkate, hawali mkate. Na tafadhali usimwambie mwongozaji "fanya waruke kidogo". Akikukatalia, ujue umepata mwongozaji mzuri, mlipe zaidi.

Ukiona ndege mwenye pete au kibendera cha rangi mguuni, andika rangi, mguu upi, juu au chini ya goti, na saa. Mpe mwongozaji habari hiyo. A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi lenye kituo chake Watamu, limekuwa likiwavisha ndege pete hapa, na kila pete inayosomwa tena inaongeza kipande katika ramani ya safari zao.

Kula na kulipa

Njaa ikikushika nenda Dabaso, upande mwingine wa hori, kwenye mgahawa wa Crab Shack ulioinuliwa juu ya mikoko na kuendeshwa na wanajamii wenyewe. Agiza sambusa za kaa. Utakuwa umekula chakula cha mla kaa, ukiwa na faida ya kupikiwa, na utaelewa kwa nini anakuja mbali hivyo.

Kuhusu pesa: kiingilio cha daraja usikipunguze kwa maneno. Mapato ya pale huingia katika mpango uitwao ASSETS, ulioanzishwa na A Rocha Kenya, unaosaidia karo za shule ya sekondari kwa watoto wa familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke na hori la Mida. Mzazi ambaye karo ya mwanawe imetokana na ndege ana sababu ya kuuacha mkandaa usimame, na sababu hiyo ina nguvu kuliko bango lolote la onyo. Watu wanaoshinda wakijadiliana shilingi hamsini mlangoni, kisha wanatumia elfu mbili kwa vinywaji Watamu jioni, wangekuwa wa maana zaidi kama wangebadilisha mahali pa kujadiliana.

Ukishaipenda Mida, rudi Januari. Mwezi huo Kenya hufanya hesabu ya ndege wa majini katika maziwa na pwani, kazi inayoshirikisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya na watu wa kujitolea, na macho ya ziada huhitajika. Si lazima uwe mtaalamu. Anayejua ndege kumi na anajua kutulia ana faida kuliko anayejua mia na hawezi kunyamaza. Kuhesabu kundi kubwa kuna njia yake: hesabu ndege kumi mmoja mmoja, tazama wanachukua nafasi gani, kisha pima kundi zima kwa nafasi hiyo, kumi, ishirini, thelathini. Fanya mara mbili. Majibu yakitofautiana sana, fanya mara ya tatu kabla maji hayajawainua, andika namba, saa na hali ya maji, umpe msimamizi wa zamu.